Kumpatia makazi asiye na pa kulala: mwongozo kwa mitaa na vijiji vya Kigoma

Ikijulikana kwamba bibi fulani analala kwenye baraza la watu, au mama na wanawe wamejibanza kwenye jiko la jirani, neno la kwanza kikaoni huwa "tumjengee". Ni neno jema, ila huja mapema mno. Ujenzi ndio sehemu ya mwisho ya kazi hii. Kabla yake kuna sababu iliyomtoa mtu ndani, kuna kiwanja, kuna karatasi, na kuna bati. Mtaa unaoruka hayo huishia na kuta zilizolowa bila paa, au na nyumba nzuri ambayo baada ya mwaka anaishi ndani yake mtu mwingine kabisa.

Ulizeni kilichomtoa ndani

Watu wawili wanatosha: mjumbe wa mtaa au balozi, pamoja na mwanamke mmoja anayeheshimika. Wakae na mhusika faraghani, si barazani mbele za watu. Waulize alikuwa akiishi wapi, nyumba ilikuwa ya nani, nini kilitokea, ndugu gani wako hai na wako wapi, na yeye mwenyewe anataka nini. Swali hilo la mwisho husahaulika kuliko yote. Wapo wazee wasiotaka nyumba mpya hata kidogo. Wanataka kurudi Buhigwe au Kasulu kwa mtoto wao, na kinachokosekana ni nauli na mtu wa kupiga simu kwa heshima. Hapo kazi imekwisha kwa gharama ya tiketi ya basi.

Majibu ndiyo yatakayowaonyesha njia, na njia hazifanani.

Mjane aliyefukuzwa na ndugu wa mume mara nyingi nyumba anayo, ila imefungwa kufuli ambalo si lake. Mkimjengea nyingine mmewabariki waliomfukuza. Mpelekeni kwanza kwenye haki yake. Atahitaji cheti cha kifo cha mume, kinachotolewa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya, cheti cha ndoa au mashahidi wa ndoa, na kwa kawaida muhtasari wa kikao cha ukoo unaopendekeza msimamizi wa mirathi. Akishakuwa na hayo, shauri la mirathi hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Ukoo ukikataa kukaa, hilo lisimzuie: aende mahakamani aeleze hivyo hivyo. Ikiwa ugomvi ni wa ardhi yenyewe, baraza la kata hupatanisha tu, haliamui tena tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021. Siku 30 zikipita bila suluhu, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msiingie huko bila msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inawajua waliosajiliwa.

Mpangaji aliyeshindwa kodi, hasa katika kata za mjini kama Mwanga, Gungu au Katubuka, hahitaji tofali. Anahitaji chumba wiki hii. Wenye nyumba hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na mkupuo huo ndio unaomlaza nje mtu ambaye kwa mwezi mmoja mmoja angelipa. Mtaa ulipe miezi mitatu ya kwanza moja kwa moja kwa mwenye nyumba, mkataba uandikwe kwa jina la mpangaji, na katika mkataba mwenye nyumba akubali kwamba kuanzia mwezi wa nne kodi italipwa kila mwezi. Sehemu hiyo ya pili ina thamani kuliko fedha mlizotoa.

Waliohamishwa na ziwa ni kundi la peke yake. Maji ya Tanganyika yalipanda sana miaka ya 2020 na 2021 na kuingia kwenye nyumba za pwani, na wengine wamerudi palepale kwa sababu mwalo, yaani pwani wanaposhushia samaki, ndio riziki yao. Msiwajengee tena hapo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na hata kama sheria isingekuwepo, ziwa lenyewe limeshasema.

Mtoto anayelala stesheni au mwaloni Kibirizi hachukuliwi nyumbani kwa mtu kwa huruma tu. Pigeni 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, au mwoneni afisa ustawi wa jamii. Mtu mwenye ugonjwa wa akili aanzie zahanati au kituo cha afya apate rufaa kwenda hospitali ya mkoa ya Maweni. Akishaanza dawa ndipo makazi yajadiliwe, na yajadiliwe pamoja na mtu atakayehakikisha dawa haikatiki.

Anabaki yule ambaye nyumba yake imeanguka kwa mvua, au hakuwahi kuwa nayo, na ndugu hana au hawawezi. Huyo ndiye wa kujengewa.

Kuchagua bila kugombana

Msikubali orodha iliyotengenezwa na mtu mmoja, hata awe mwadilifu namna gani. Njia inayofanya kazi ni kuuliza makundi matatu kwa nyakati tofauti: wanawake (kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA, kinafaa), viongozi wa misikiti na makanisa, na mabalozi. Kila kundi litaje kaya tano zenye hali mbaya kuliko zote. Majina yanayojirudia katika orodha zote tatu ndiyo ya kuanzia. Jina lililotajwa na kundi moja tu lichunguzwe: ama ni ndugu wa mtu, ama ni mtu aliyejificha kiasi kwamba wengine hawamwoni. Yote mawili hutokea.

Angalieni pia kama kaya imo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Kama haimo, mtendaji aandike jina lake kwa ajili ya zoezi la utambuzi litakapofunguliwa, maana kuingia si kwa siku yoyote mtu anayotaka. Na kitambulisho cha taifa cha NIDA kianze kushughulikiwa siku hiyo hiyo. Katika vijiji vya mpakani wapo wazee wazaliwa wa hapo wasio na karatasi yoyote, na bila namba ya NIDA milango mingi itakuwa imefungwa.

Kiwanja, kisha karatasi, kisha ndipo jembe

Hapa ndipo misaada mingi ya nyumba hufia. Mtu anatoa kipande cha kiwanja kwa mdomo, nyumba inajengwa, mtoaji anafariki, watoto wake wanasema "baba hakutuambia". Kiwanja kitolewe kwa maandishi, na maandishi yawe na haya:

– jina la mtoaji na la mpokeaji, na neno wazi kwamba ni zawadi, si mkopo wala upangaji;
– saini ya mwenzi wa mtoaji na ya watoto wake wakubwa;
– vipimo kwa mita, na majirani wa pande zote nne kwa majina, kila mmoja akitia saini;
– mashahidi, muhuri wa mtendaji, na nakala tatu: ya mpokeaji, ya mtoaji, ya ofisi.

Kijijini, ombi la ardhi hupita halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, na baada ya hapo kaya inaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Ukoo ukisita kutoa moja kwa moja, ombeni haki ya kuishi: mzee akae hapo hadi mwisho wa maisha yake, kisha kiwanja na nyumba virudi kwa ukoo. Kwa mzee asiye na watoto hiyo inatosha kabisa, na ukoo hupumua.

Mita 12 kwa 15 zinatosha nyumba, choo, jiko na bustani ndogo. Tazameni maji yanapopita mvua ikinyesha, si wakati wa kiangazi. Vilima vya Kigoma hukatwa na makorongo, na korongo lililo mita 10 kutoka ukutani leo halitakuwa mita 10 baada ya masika matatu. Mzee anayeishi peke yake, hasa mwanamke, asipelekwe pembeni mwa kijiji ati kwa sababu ndiko kuliko na nafasi. Upweke wa mbali na watu, na macho mekundu ya moshi wa kuni, vimewaponza vikongwe wengi wa kanda hii kwa tuhuma za uchawi. Ajengewe mahali ambapo akiita jirani anasikia.

Michango

Kamati iwe ya watu watano, angalau wawili wanawake, na mwenyekiti wa mtaa asiwe mtunza fedha. Fedha ziingie kwenye akaunti au laini ya kikundi inayohitaji zaidi ya mtu mmoja kutoa. Daftari liwe na safu tatu: ahadi, kilichopokelewa, sahihi ya aliyepokea. Hesabuni kilichopokelewa tu. Ahadi za kwenye harambee hazinunui bati.

Vitu vipokelewe kama fedha na viandikwe kwa kipimo: mchanga kwa ndoo au tripu, mawe kwa mkokoteni, nguvu kazi kwa siku, mawese kwa lita kwa ajili ya chakula cha msaragambo, yaani siku ya kazi ya pamoja. Mtu aliyebeba mawe siku mbili amechanga, na jina lake lisomwe sawa na la aliyetoa noti.

Katika kata za wavuvi, fuateni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hulala. Ukipitisha daftari Kibirizi au Katonga siku hizo utarudi na ahadi tupu, na utawaudhi watu wasio na kitu mfukoni. Piteni siku za giza zikiwa katikati. Kadhalika mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti; miezi kama hiyo msipange kuchangisha mwaloni kabisa. Wakulima nao wana fedha baada ya mavuno, si Januari.

Bati kwanza

Mvua za Kigoma huanza Oktoba na kwenda hadi Mei. Kwa hiyo tofali zifyatuliwe Juni, zichomwe Julai, msingi na ukuta Agosti, paa lisivuke katikati ya Septemba. Mkiona hamtamaliza, msianze ukuta. Tofali zilizochomwa na kupangwa vizuri zitasubiri mwaka mzima bila neno, lakini ukuta wa tope usio na paa utabebwa na mvua za mwanzo.

Ndiyo maana tunasisitiza: chimbeni msingi siku ambayo bati zote zimeshanunuliwa na zimehifadhiwa. Fedha zikiishia kwenye kuta, watu huchoka, na kuchangisha mara ya pili kwa ajili ya paa ni kugumu kuliko kuchangisha mara ya kwanza. Zikiishia kwenye bati, bati halinyauki. Zihifadhiwe kwa mtu asiye kwenye kamati, na idadi iandikwe na kusainiwa.

Tofali

Mahesabu yanayofuata ni ya nyumba ya vyumba viwili, kila kimoja mita 3 kwa 3 kwa ndani, na tofali la sentimita 28 kwa 14 kwa 10. Kalibu za mafundi zinatofautiana, kwa hiyo pimeni ya kwenu kwanza. Tofali la kipimo hiki, likilazwa kwa urefu na tope la sentimita 2, huingia 28 katika mita moja ya mraba. Ukuta wote, ukitoa milango na madirisha na kuongeza pembetatu za juu, ni kama mita za mraba 50. Hiyo ni tofali 1,400. Ongezeni za kuvunjika zifike 1,600. Ili mpate 1,600 nzima kutoka kwenye tanuri, fyatueni 2,000.

Udongo upimwe kabla ya kufyatua. Lowanisha, kanda, viringisha mviringo mnene kama kidole gumba, kisha usukume taratibu uning'inie kwenye ukingo wa meza. Ukikatika kabla ya sentimita 5, mchanga umezidi. Ukifika zaidi ya 15 ndipo ukatike, mfinyanzi umezidi na tofali litapasuka likikauka, changanyeni mchanga. Katikati ya hapo endeleeni.

Tofali zianikwe kwenye uwanja uliosawazishwa, zifunikwe nyasi siku tatu za kwanza. Jua kali la siku ya kwanza hukausha ngozi wakati tumbo bado bichi, na hapo ndipo nyufa huzaliwa. Siku ya nne zisimamishwe kwa ubavu. Baada ya wiki mbili vunjeni moja: kama katikati kuna doa jeusi la unyevu, hazijawa tayari. Tofali mbichi ikiingia tanurini maji yake hugeuka mvuke na kuipasua.

Tanuri la tofali 2,000 linahitaji midomo miwili ya moto, na nje likandikwe tope kote isipokuwa juu. Anzeni na moto mdogo usiku mzima hadi moshi mweupe wa mvuke uishe, kisha ndipo moto mkubwa kwa siku nzima na usiku wake. Zibeni midomo, mwache lipoe siku tano. Kufungua mapema kwa hamu ya kuona huharibu tofali za pembeni kwa baridi ya ghafla. Kuni ni gharama na pia ni msitu: ombeni kibali cha kuvuna kwa afisa misitu, na mahali penye michikichi tumieni makapi ya mawese kuongezea. Tofali lililoiva hulia kama chuma likigongwa na mwenzake, na likilala ndani ya ndoo ya maji usiku kucha halimeguki. Yaliyoiva nusu yatumike kuta za ndani tu.

Msingi, ukuta, paa

Nyumba kwa nje itakuwa mita 6.42 kwa 3.28. Mkishapiga vigingi, pimeni kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili. Kila moja isome mita 7 na sentimita 21. Zikitofautiana zaidi ya sentimita 2, nyumba imepinda na bati zitawaumbua baadaye.

Mfereji uwe na upana wa sentimita 45 na kina cha 50, au zaidi mpaka mfike udongo mgumu. Msingi wa mawe unapanda hadi sentimita 30 juu ya ardhi, hata kama fundi atasema 15 zinatosha. Matone yanayodunda kutoka ardhini ndiyo yanayokula ukuta, na yanadunda karibu kimo hicho. Juu ya mawe mwageni zege la sentimita 5, tandikeni nailoni nzito, ndipo tofali ya kwanza. Bila nailoni unyevu utapanda, na ndani ya miaka michache sehemu ya chini ya ukuta itakuwa inamomonyoka kama unga.

Vifaa kwa nyumba hii na choo chake:

– mawe: mita za ujazo 7, karibu tripu 2 za lori la tani 7
– saruji: mifuko 15 (juu ya msingi 2, sakafu 6, lenta, yaani mkanda wa zege unaozunguka kuta, 3, plasta ya chini 2, choo 1, akiba 1)
– mchanga na kokoto: nusu tripu kila kimoja
– nondo milimita 10: vipande 4 vya mita 12, na waya wa kufungia
– bati futi 8, geji 28: 20, kofia za bati 4
– mbao 2x4 za futi 12: 18
– misumari ya bati kilo 3, ya inchi 4 kilo 2
– milango 2 na madirisha 2 ya mbao

Lenta ndiyo kitu cha kwanza kamati hutaka kukifuta ili kuokoa fedha. Msikubali. Kigoma iko kwenye bonde la ufa. Tetemeko la 5 Desemba 2005 lililotokea Ziwa Tanganyika lilikuwa na ukubwa wa 6.8. Ukuta wa sentimita 14 uliojengwa kwa tope hautikisiki salama bila mkanda unaoufunga kote. Lenta ipite juu ya milango na madirisha, kimo cha sentimita 15, nondo mbili zikizunguka bila kukatika kona. Kabla ya kumwaga zege, chomekeni waya mnene kila mita moja, ncha zake zibaki nje sentimita 60. Hizo ndizo zitakazofunga mbao za paa. Paa lililopigiliwa misumari kwenye ukuta wa tope huezuliwa na upepo wa Oktoba. Lililofungwa kwenye lenta linabaki. Zege lilowanishwe siku saba, na mbao za chini yake kwenye milango zisitolewe kabla ya wiki mbili.

Paa liwe mgongo wa tembo, lenye miteremko miwili, na ukuta wa katikati upande nao hadi juu. Hivyo mbao 2x4 zinalala kwenye kuta tatu, mistari mitatu kila upande, na kenchi hazihitajiki. Mwinuko wa kati uwe sentimita 70. Bati za futi 8 zitazidi ukuta kwa sentimita 60 hivi, na uvuli huo ndio unaolinda kuta. Zikipatikana za futi 10 tu, msizikate: sogezeni ziada mbele, mweke nguzo mbili, mzee apate baraza. Bati la geji 30, jembamba kuliko la 28, lina bei nafuu dukani lakini hujikunja na kutoboka mapema.

Fundi mmoja na wasaidizi wanne hupandisha kuta hizi kwa wiki moja. Siku ya msaragambo msiwaite watu 40 kwenye ukuta. Ukuta unataka watano. Waitwe kubeba mawe, maji na tofali, na kuchimba choo. Fundi mkuu alipwe, hata kama kwa bei ya mtaa. Fundi wa kujitolea huondoka kazi ya kulipwa ikitokea, na huwezi kumlaumu.

Choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisima, shimo la mita 3 kama udongo unaruhusu, na chini yake kibaki kikavu. Karibu na ziwa udongo ni wa mchanga na kuta za shimo huporomoka, hivyo jengeeni mita ya juu kwa tofali. Bamba la zege la mita 1.2 kwa 1.2, unene sentimita 7, humaliza mfuko mmoja. Kwa mzee wekeni mti wa kushikia ukutani na njia isiyo na ngazi. Jiko liwe nje, lenye kuta nusu.

Kuhamia na baada yake

Sherehe ya makabidhiano ifanywe bila kumpiga mwenye nyumba picha za kusambaza. Atakayeishi mtaani humo miaka ijayo akiitwa "yule tuliyemjengea" hatatulia.

Miezi sita ya kwanza ndiyo ya hatari. Nyumba ipo, chakula hakipo, na mtu mwenye njaa huuza bati. Kaya 12 zikipokezana, kila moja inabeba wiki mbili tu kati ya hizo 26, na mbili zinazobaki zibebwe na kamati. Apewe unga, maharage, mawese, chumvi, sabuni. Wakati huo huo kiwepo kitu kinachoota: mchicha huvunwa ndani ya wiki nne, muhogo baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili, kwa hiyo vipandwe vyote kwa pamoja mvua ya kwanza. Mama mwenye nguvu anaweza kuingia kwenye kikundi na kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Ni mkopo, si zawadi. Asisukumwe kuchukua kabla hajajua atafanya biashara gani. Na kama ni ya dagaa, apige hesabu akijua siku za mbalamwezi na miezi ya ziwa kufungwa hatauza.

Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo hutibiwa bure kwenye vituo vya serikali, ila apate kitambulisho cha wazee kupitia ustawi wa jamii. Mpelekeni mapema, akiwa mzima. Dirishani usiku, akiwa na homa, hakuna atakayesikiliza maelezo.

Kila Septemba watu wawili wa kamati wapite na nyundo na kilo moja ya misumari: wapigilie misumari iliyolegea, wazibue mtaro wa kuzunguka nyumba, wajaze udongo ulioondoka kwenye msingi, watazame kama plasta ya chini imepasuka. Ni kazi ya nusu siku.

Nakala ya ofisi ya ile karatasi ya kiwanja itazamwe kila mtendaji anapobadilishwa. Watendaji huhamishwa, makabati huhama, na karatasi nyingi hupotea kwenye makabidhiano. Mtendaji mpya aonyeshwe nyumba kwa macho, akiwa na nakala mkononi.